Zamu ya Nyumba ya Viateur

Papa Viateur alisema atambeba mke wake mwenyewe, na Viateur akishasema, imekwisha. Asubuhi ya mazishi alifika wa kwanza penye jeneza, fimbo mkononi, mguu wake mbovu ukiburuta matope. Watu wa chama cha kipoyi wakatazamana. Kubeba maiti kwenye utelezi si mchezo, na mzee ana miaka sabini na miwili.

Lakini haki alikuwa nayo, tusidanganyane. Kwenye kilima kile juu ya mji wa Mweso gari halifiki. Mgonjwa analazwa kwenye kipoyi, machela ya mianzi, na kubebwa mabegani masaa matatu hadi hospitali. Kila nyumba inatoa mwanaume wa kubeba zamu yake ikifika. Nyumba isiyotoa, siku yake ya shida itajijua.

Viateur aliangukiwa na mti akipasua mbao, wakati Rosalie, kifungua mimba wao, akiwa bado ananyonya. Mguu ukaunga vibaya. Zamu yao ilipofika, aliona aibu hata kutoka nje. Mukandori, mke wake, akamwacha mtoto kwa jirani, akaenda kusimama katika mstari wa wanaume. Wakamcheka, wakamwambia wanawake hufuata nyuma na vyakula. Hakubishana. Alishika mti wa mbele wa kipoyi, akasubiri wachoke kucheka. Mgonjwa alikuwa anatapika damu, ikabidi waondoke naye hivyo hivyo.

Akabeba miaka thelathini. Mwanamke mwenyewe mfupi, mkaidi, mkono wake mzito wa chumvi hata maharage yake yalijulikana kijiji kizima. Alizaa watano, wote wasichana. Alikimbia vita mara nne na kurudi mara nne, na kila akirudi, kabla hajaangalia shamba, aliuliza kipoyi kiko wapi. Bega lake la kulia liliota sugu, na wajukuu wakisinzia waligombania kulalia upande ule.

Nyumbani hakumsimanga mume wake hata siku moja. Ndicho kilichomkaa mzee rohoni. Alimpenda mpaka ikamuuma, na miaka yote ile alikula na kulala huku mwenzake akibeba zamu ambayo ni ya kwake. Sasa Mukandori amekufa, na imebaki safari moja tu ya kuilipa.

Honoré, mkuu wa chama, alimwambia kwa heshima kwamba akianguka, marehemu ataanguka naye. Mzee akajibu kwamba leo haanguki. Basi wakampa mti wa mbele wa kipoyi kilichobeba jeneza.

Na alienda, wee! Alitoka uani hadi kanisani, akatoka kanisani hadi kijitoni, jasho likimwingia machoni, na kila aliyetaka kumpokea alimfukuza kwa jicho. Ng'ambo ya kijito njia inapanda, na kaburi liko juu kabisa. Hapo mguu ukagoma. Mzee akasimama, jeneza likasimama. Wanaume watatu wakaja mbio kushika. Akawakatalia kwa kichwa. Alikuwa analia, wala hakujificha.

"Rosalie," aliita. "Kuja hapa."

Rosalie akatoka kwenye kundi la wanawake, hajui anaitiwa nini. Honoré akataka kusema kitu, mzee akamkatiza.

"Iko zamu ya nyumba yangu, Honoré. Mutoto wangu njo atabeba. Na mugonjwa mwingine akipatikana, mutamuita yeye."

Hakuna aliyecheka. Rosalie alivua viatu, akaingiza bega chini ya mti. Baba yake hakutoa lake mpaka alipohakikisha uzito umeshikwa. Kisha akasogea kando, wakaanza kupanda, naye akawafuata nyuma pamoja na wanawake. Safari hii hakuona aibu.