Mtembeza Farasi na Jike la Kijivu

Mwanvua, anayeuza majani ya farasi kwenye lango la klabu, hamsifu mwanamume yeyote tangu mumewe aingize mke mwingine katika nyumba waliyoijenga pamoja. Lakini hachoki kumtazama mtembeza farasi. Wapandaji wakishashuka na kwenda kunywa soda, yeye hubaki akimzungusha mnyama polepole uwanjani mpaka jasho limkauke. Havuti kamba, huenda naye bega kwa bega, akipenyeza kiganja kifuani, kati ya miguu ya mbele, kupima joto. Akiingia bandani hukohoa kwanza mlangoni, kama aliyefika ukweni.

Juzi jike la kijivu lilishikwa na tumbo. Daktari, aliyekwama Gatumba kwa mafuriko, alisema kwa simu kwamba likilala na kugaagaa, utumbo utajisokota nalo litakufa. Basi mtembeza farasi akalitembeza tangu asubuhi. Kila likikunja magoti, alilibembeleza: "Apana lala, mama. Mi pia nimechoka. Tufike tu pale."

"Na bibi yako unamusemesha hivyo?" Mwanvua akamchokoza.

"Ule hakubali kutembea na mi."

Jua lilipoelekea milima ya Kongo, jike likainua mkia, likaangusha mavi. Mtu mzima yule akayaokota kwa mikono miwili, yakifuka mvuke, akayaleta mpaka langoni akicheka.

"Dada, angalia. Tumbo imefunguka."

Mwanvua aliyatazama vizuri. "Hongera, kaka," akasema, akamtandikia majani yake ya kuuza ili akae.