Wananitaka Sura, Kazi Hawanipi

Admin, jina langu lifiche vizuri, Muscat hii sote tunajuana. Nina miaka thelathini na mbili, Muomani mwenye asili ya Unguja, naishi na wazazi wangu Bawshar. Ni wakili, angalau ndivyo kadi yangu inavyosema.

Ofisi yetu ina mteja mmoja mkubwa, kampuni ya kigeni. Mwaka jana waliweka sharti: ofisi inayotaka kazi zao lazima iwe na mawakili wanawake na wa asili mbalimbali, na hao wazifanye kazi hizo kweli. Bosi wangu, ambaye miaka yote alikuwa akiniita "yule Mzinjibari", siku hiyo akalikumbuka jina langu. Akawaambia mimi ndiye ninayesimamia kesi yao. Wallahi jalada lake sijalifungua hata mara moja. Kazi anafanya mpwa wake, mtu asiyeweza kuandika barua ikatoka bila kusahihishwa. Mimi huitwa kwenye kikao nikae karibu na kamera, kisha niwamiminie kahawa. Kilemba cha ukoka nimevishwa mchana kweupe.

Kisha yakaletwa mafunzo ya kuheshimiana kazini. Bosi alisimama akajisifu kwamba kwake hakuna ubaguzi, na ushahidi ni mimi. Mpwa wake alisinzia tangu mwanzo, na cheti akapewa. Niliwadharau wote, na mkufunzi aliyewapigia makofi nikamdharau zaidi.

Sasa mwanasheria wa kampuni ile, mama mmoja mkali, anakuja Jumapili. Ameomba nimweleze mimi mwenyewe kesi ilipofikia. Bosi akaniita, akafunga mlango, akanikaribisha kiti kwa mara ya kwanza.

"Mpwa wangu atakufundisha la kusema," akaniambia. "Ukimaliza salama, nakufanya mshirika wa ofisi."

Yaani yule ndiye wa kunifundisha mimi sheria.

Nilimweleza mama yangu, nikitegemea ataghadhibika kama mimi. Akaniambia, "Mwanangu, nna khofu na wewe. Sema wanavyotaka, upate cheo chako." Simlaumu. Baba anaumwa na nyumba inaendeshwa kwa mshahara wangu. Nikisema kweli, mteja ataondoka, nami nitakuwa wa kwanza kutolewa.

Ndugu zangu, nipeni shauri, na msinipambe. Yule mama akinikalia mbele na kuniuliza kesi yake, nimsomee niliyokaririshwa na mpumbavu, au nimtazame usoni nimwambie siijui?