Nukta Iliyoelea Magharibi

Kule Kullorsuaq, kijiji cha pwani ya barafu mbali kaskazini, walimwita Bibiane karani wa sili, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Jina lilianzia dukani, kwa wawindaji waliozoea kunywa kahawa wamesimama karibu na hita. Wao waliwajua sili, wanyama wale wanono wa baharini, kwa kuwalenga bunduki na kuwachemsha supu. Mtu wa kukaa chumbani na kuwaandika kwenye kompyuta hawakuwahi kumwona.

Lakini Bibiane hakuwa mtu wa chumbani. Baba yake alitaka mtoto wa kiume, na mtoto wa kiume alichelewa miaka tisa, basi akawa anamchukua mawindoni binti aliyenaye. Akamfundisha kuendesha mbwa wanaokokota sleji ya kuteleza juu ya barafu, kugonga barafu kwa fimbo yenye ncha ya chuma na kusikiliza inavyojibu. Hatimaye Enok alipozaliwa, mama yao hakupata nafuu tangu siku ile ya uzazi, na Bibiane ndiye aliyembeba mgongoni, ndani ya kofia pana ya koti. Baadaye alikata samaki kwenye banda la samaki miaka ishirini, hadi viganja vikakataa kushika kisu.

Mwezi mmoja wa Septemba alishuka melini mtafiti mmoja, Daktari Lykke, akiuliza nani anaweza kumnasa sili kwa wavu bila kumzamisha. Vidole vyote vilimwelekea Bibiane.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sili akinaswa, wanaume wawili walimkalia. Bibiane alimkausha utosi kwa taulo, akampaka gundi, akabandika kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni chenye uzi wa chuma uliosimama, kisha akakibana kwa kiganja huku akihesabu hadi mia tatu. Sili alimtazama muda wote huo kwa macho meusi yasiyopepesa. Akiachiwa, kila alipotoa kichwa majini kuvuta pumzi, kidude kilipeleka habari angani, na Bibiane akaiona kwenye ramani kama nukta. Kidude kilipokaa nje ya maji, nukta iligeuka nyekundu. Manyoya yakipukutika mwezi wa Mei, kidude kilidondoka nayo, na kazi ikaisha hadi Septemba nyingine.

Majira ya baridi hapakuwa na la kusimulia. Bahari ikiganda, sili wa ghuba ile ana matundu yake ya kupumulia kwenye barafu, ameyachimba mwenyewe kwa kucha, na akiyaacha siku mbili tu yanaziba. Basi hasogei. Nukta tisa, kila moja na namba yake, zilitulia kama kuku waliotamia.

Mwaka mmoja, wiki ya pili ya Machi, namba mbili ilitoka.

Bibiane aliikuta Jumatatu asubuhi imeshavuka visiwa vya nje. Alimpigia simu Daktari Lykke, naye akasema huenda kidude kina kasoro. Jumanne wakatoka wawili tena. Jumatano walikuwa watano, kila mmoja kwa wakati wake, lakini wote kuelekea kusini magharibi, hakuna aliyesimama wala kuzunguka kutafuta chakula. Bibiane aliifunga kompyuta. Alivaa koti akaenda dukani.

Enok alikuwepo, kikombe mkononi, akichekesha watu kama kawaida yake.

"Kesho unavua wapi?" Bibiane alimuuliza.

"Palepale, mbele ya mto wa barafu, unaposhukia baharini. Samaki wamejaa kule."

"Usiende. Sili wanahama."

"Wanahama kwenda wapi, dada? Wamealikwa harusi?"

Watu waliangua kicheko. Mzee Gerth, aliyekuwa akipanga makopo, akadakia, "Karani, ukiwaona waambie waniletee tumbaku."

"Mimi sichekeshi," Bibiane alisema. "Sili haachi tundu lake katikati ya Machi. Sijawahi kuliona hilo, na baba hakuwahi kuniambia. Kuna kitu kule chini wanakisikia, sisi hatukisikii."

"Barafu ni nene kama mkono wangu, kuanzia kidole hadi bega," Enok alisema. "Nimeitoboa mwenyewe juzi. Wewe umeitoboa na kompyuta."

Kicheko kilikuwa kidogo safari hii, kwa sababu uso wa Bibiane ulikuwa umebadilika. Enok aliona. Akamsogelea, akamvuta kamba ya kofia kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Usininunie. Jumamosi nimerudi. Nikimuua sili wako mmoja, kidude chake nakuletea mezani."

"Hata redio yako haishiki nyuma ya mlima."

"Ndiyo maana napenda kwenda," alijibu, na watu wakacheka tena.

Aliondoka Alhamisi alfajiri na mbwa kumi na mmoja. Bibiane alisikia mbwa wakilia walipofungwa kwenye sleji, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja, kama wanavyonyamaza wakishaanza kukimbia. Hakwenda dirishani.

Saa tano asubuhi namba nne iligeuka nyekundu. Namba nne alikuwa jike mzee, mmoja wa wanne waliobaki. Muda mfupi baadaye nukta ilikwenda kilomita sita kwa mstari ulionyooka, kwa mwendo wa mbwa, hadi mbele ya mto wa barafu. Bibiane alicheka peke yake. Enok ameua sili, na sasa anamsafirisha kwenye sleji. Kwa mara ya kwanza wiki ile alikula akashiba.

Ijumaa upepo uligeuka ukashuka kutoka bara, na adhuhuri ukasikika mlio. Haukuwa mkubwa. Vikombe vililia kidogo kabatini na mbwa wote wa kijiji wakasimama. Bibiane aliketi mbele ya kompyuta akisubiri, maana habari za angani huchelewa. Zilipofika, namba nne bado ilikuwa nyekundu, bado mbele ya mto wa barafu. Zilipofika tena, ilikuwa imesogea magharibi kilomita moja. Kisha mbili. Ulikuwa mwendo wa polepole mno kwa mbwa, na mahali ilipoelekea, mbwa hawaendi. Mbele yake, kwenye picha iliyopigwa kutoka angani asubuhi ile, palikuwa na maji meusi.

Bibiane aliinuka. Alitoka bila glavu hadi nyumbani kwa Regine, mke wa Enok, akamkuta anakanda unga.

"Barafu imekatika," alisema. "Yuko juu yake."

Regine hakuacha kukanda. "Umemwona?"

"Nimemwona sili wake."

"Basi mwangalie huyo huyo," Regine alisema. "Usimwache hata dakika."

Helikopta haikuweza kuruka. Upepo ulikuwa mkali Ijumaa, ukawa mkali zaidi Jumamosi, na mashua haikupenya barafu iliyovunjika. Kilichobaki ni nukta. Bibiane aliburuta godoro hadi chumba cha kompyuta. Kila habari ilipofika aliwasomea waokoaji kwenye simu tarakimu za mahali nukta ilipo, taratibu, moja moja, nao wakazirudia. Wawindaji walikuja wakasimama mlangoni, kofia mkononi. Hakuna aliyemwita karani. Mzee Gerth aliuliza kwa sauti ya chini kama nukta inaweza kusema mtu yuko hai. Bibiane alisema haiwezi. Inasema tu kwamba kidude kiko nje ya maji.

Jambo jingine hakumwambia yeyote. Jumamosi jioni wale sili watatu wa mwisho walitoka pia, na njia yao ikapita karibu kabisa na namba nne.

Jumapili saa tatu usiku nukta ikakoma. Saa nne, kimya. Saa tano, kimya. Regine alikaa sakafuni ameegemea ukuta. Saa saba kasoro ikawaka tena, kilomita nane kusini, nyekundu. Jumatatu asubuhi upepo ulilala na helikopta ikafuata tarakimu za mwisho.

Walimkuta Enok kwenye pande la barafu lisilozidi uwanja wa kanisa. Sleji ilikuwa imesimamishwa wima, na juu kabisa alikuwa amefunga kidude kwa kamba ya mbwa, uzi wake ukiangalia mbinguni. Kilikuwa kimeanguka mara moja akiwa usingizini, akakifunga upya. Mbwa walikuwa wamebaki wawili.

Hospitali ilimkata vidole sita vya miguu. Bibiane alisafiri kwenda kumwona, akampelekea samaki mkavu. Enok alikuwa amekonda na hakuwa na utani.

"Nilijua unaangalia," alisema. "Nilikuwa najiambia, dada yuko pale, hajaondoka."

"Sikuondoka."

Enok aligeukia dirisha. "Siku ya pili walinizunguka. Sili. Vichwa vimejaa majini, si wale tisa wako, wengi, siwezi kukuambia wangapi. Bunduki ninayo na njaa ninayo, nikashindwa kuinua mkono. Walinitazama. Halafu wakageuka wote mara moja, wakaenda." Alimshika kiwiko. "Wanaenda wapi, dada?"

Bibiane alisema hajui. Ulikuwa ukweli. Nukta nane zilishuka hadi mwisho wa ramani aliyopewa, na mwezi wa Mei, mbali sana, zikazima moja baada ya nyingine.

Enok sasa anapima samaki bandani, ameketi kwenye kiti kilichoigeuzia bahari mgongo. Mbwa wale wawili alimpa jirani.

Septemba Daktari Lykke alirudi na vidude kumi. Bibiane alitega nyavu pale alipotega kila mwaka. Siku kumi na moja nyavu zilipanda na majani ya bahari matupu. Wanaume walizikunja bila kutaniana. Siku ya kumi na mbili alinaswa sili mmoja mchanga, mwembamba. Bibiane alimkausha, akabandika, akahesabu hadi mia tatu, akamwachia.

Hakuzunguka ghuba kama wanavyofanya wote wakiachiwa. Alipiga mbizi, na alipoibuka kwenye ramani alikuwa ameshapita visiwa vya nje, anaelekea kusini magharibi, bila kusimama.