Gundi ya Hillevi

Ragnhild Öhrling hakuumbiwa kiti. Mikutanoni husimama dirishani, kahawa huinywa akitembea, na wenzake wa idara wamezoea kuzungumza naye huku shingo zikimfuata huku na huku. Ujana wake wote aliumalizia kiwandani, kisha chuo kikamwajiri awafundishe wahadhiri na wanafunzi namna ya kuutoa uvumbuzi maabara na kuufikisha sokoni. Kazi hiyo ndiyo iliyomzidishia wahka. Hapa Uswidi mvumbuzi wa chuoni ndiye mwenye mali, si chuo. Lakini muulize mali hiyo ataifanyia nini, atakwambia ataiandikia makala. Ragnhild akisikia neno makala, hujikuna kichwa mpaka nywele zinasimama.

"Nyamazeni kwanza," ndilo somo lake la kwanza kila muhula. "Ombeni hataza, haki ya uvumbuzi wenu, ndipo mseme. Jambo likishaonyeshwa watu si jipya tena, na sheria ya Ulaya haina huruma."

Alhamisi moja ya Machi alikutana kwenye ngazi na Hillevi Brännmark, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu aliyepitia darasa lake, kabeba nyundo. Huyu alikuwa amevumbua gundi ya magome ya msonobari, inayoshika mbao hata kwenye baridi ya kugandisha mito. Ragnhild alimpenda kama binti yake, ingawa asingelisema hilo hata kwa kuchapwa.

"Nyundo ya nini?"

"Leo nagongelea tasnifu. Saa saba. Njoo, kuna keki."

Ragnhild akamzuia ngazini. Tasnifu ikishapigwa msumari pale kwenye ubao wa ukumbini, wiki tatu kabla ya utetezi kama ilivyo desturi ya hapa, ni ya kila mpita njia.

"Si ilikuwa mwezi ujao?"

"Evald kasogeza tarehe. Mtahini anatoka Oulu, ana siku hiyo tu." Hillevi alimtazama. "Ombi la hataza si limeshakwenda? Ulisema wakala wako analo."

"Analo. Hajalituma."

"Ragnhild, kaka yangu kaacha kazi kwa ajili ya gundi hii. Kakodi karakana. Usiniambie imeharibika."

"Haijaharibika. Saa saba bado mbali."

Alimkuta Evald, msimamizi wa Hillevi, akitafuna mkate wa mdalasini kwa utulivu wa ng'ombe.

"Ahirisha," akamwambia.

"Nikiahirisha, utetezi nao unaahirika. Wiki tatu ni wiki tatu. Na keki imeshaletwa."

"Keki, Evald?"

"Wewe una haraka tangu nikujue. Kunywa kahawa."

Hakunywa. Alivuka uwanja wa magari bila koti, akiteleza kwenye barafu na kumlaani Evald, mtahini wa Oulu na aliyebuni desturi ya misumari. Ofisini, Torkel, wakala wa hataza, alikuwa na karatasi zote. Kilichobaki ni kusoma mara ya mwisho na kutuma.

"Kabla ya saa saba?" Ragnhild akauliza.

"Kabla ya chakula cha mchana. Ila kaa chini, unanipeperushia makaratasi."

Ragnhild alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Hatimaye Torkel akauliza swali analomuuliza kila mteja: je, kuna mtu yeyote wa nje aliyewahi kuelezwa jambo hili?

"Hakuna. Yule nimemfundisha mwenyewe."

Torkel hakumbishia. Alipekua mtandaoni kama afanyavyo siku zote. Akamgeuzia kioo cha kompyuta.

Aliyekuwa kwenye kioo ni Ragnhild. Anatembea mbele ya wahadhiri, Februari, kwenye mhadhara wa wazi ambao chuo kiliurekodi na kuuweka kwenye tovuti yake. Alikumbuka walivyokuwa wakisinzia, akatafuta mfano wa kuwaamsha. "Mwanafunzi mmoja, simtaji jina," alikuwa akisema kwa fahari, kisha akaeleza magome, moto kiasi gani, na kinachochanganywa humo. Jina alilificha vizuri sana. Mengine yote aliyamwaga.

"Mganga hajigangi," alisema Torkel polepole, bila kejeli.

"Nitawaambia waifute."

"Waliokwisha kuiona hawafutiki. Naweza kutuma ombi, lakini wa kwanza kulipinga atakuja na video hii."

Aliporudi alijaribiwa, tusifichane. Angeweza kungoja msumari upigwe, kisha aseme amechelewa, lawama ni ya Evald na keki yake. Hillevi angeamini, maana nani angemdhania Ragnhild? Aliona aibu kwa kuwaza hivyo, na aibu kubwa zaidi kwa kuwa aliendelea kuwaza mpaka mlangoni.

Ukumbini watu walishakusanyika na visahani. Hillevi alikuwa ameshika msumari kwenye ubao, nyundo chini, anamngoja. Ragnhild akamvuta pembeni.

"Ni mimi," akasema. "Niliieleza Februari, mbele ya watu, na imerekodiwa. Sikujua kama nimeisema yote. Hataza hakuna, Hillevi, na mkosa ni mimi."

Rangi ilimtoka Hillevi usoni, ikarudi na wekundu. Nyuma yao Evald aliuliza kama wanaanza au keki ipelekwe jikoni.

"Kaka yangu nitamwambia nini?"

"Sijui. Tutakwenda wote nimwambie mimi."

"Utakwenda," alisema Hillevi. Akarudi ubaoni, akagonga msumari kwa mapigo mazito kuliko karatasi inavyohitaji. Watu wakapiga makofi. Kisha akamgeukia mwalimu wake.

"Jumanne una darasa?"

"Ninalo."

"Wasimulie hili. Na safari hii taja majina. Langu, halafu lako."