Siku Tisa za Viazi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kucheka chakula cha mtu. Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa nakata vitambaa katika duka moja mjini Kitale. Mwenye duka alikuwa mjane wa Kihindi, mzaliwa wa papo hapo Kitale, mtu wa maneno machache, na wafanyakazi wote tulimwita Mama. Nyuma ya meza yake ilitundikwa kalenda ya Kigujarati ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuisoma. Tulichojua ni kwamba sikukuu zake hazikai mahali pamoja: mwaka huu Machi, mwaka ujao Aprili. Aliwahi kutueleza kwamba zinafuata mwezi wa angani, kama Pasaka yetu. Nikambishia, nikasema Pasaka haifuati mwezi, inafuata kanisa. Akaendelea kupanga vifungo.

Mwezi ulipoandama Machi hiyo, Mama alianza mfungo wa siku tisa wanaouita Navratri, ambao huishia siku ya kuzaliwa kwa Rama, mungu wao. Kwa siku hizo hakula nafaka, wala dengu na maharagwe, wala kitunguu, na nyama hakuwa anakula hata siku za kawaida. Jumatatu mchana, siku ya kwanza, akafungua mkebe wake. Ndani mlikuwa na viazi vilivyokaangwa kwa samli na bizari, njugu, maziwa ya mgando na ndizi mbili.

"Mama," nikamuuliza, "huku ni kufunga ama ni sherehe?"

Hakukasirika. Alisema, "Jaribu siku tisa."

"Hata kumi na tisa."

"Tisa zinatosha."

Ningenyamaza hapo, yangeisha. Lakini nilitoka nikawatangazia mafundi wa cherehani barazani, nikamtangazia muuza magazeti, na jioni nikawatangazia wenzangu wa kwaya. Watu wetu walihamia Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati, na walikuja na viazi mfukoni. Kumwambia mtu wa kwetu afunge kwa kula viazi, niliwaambia, ni kama kumwambia bata afunge kwa kuogelea.

Siku ya kwanza ilipita nikiimba. Asubuhi ya pili nilimimina chai, nikanyoosha mkono kuchukua mkate, nikakumbuka mkate ni ngano. Mandazi ni ngano. Uji ni wimbi. Githeri ni mahindi na maharagwe, makosa mawili katika sahani moja. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba maisha yangu yote yameshikiliwa na nafaka. Na viazi, ukivila asubuhi, mchana na jioni bila kitunguu, huanza kukutazama.

Kufikia Alhamisi kichwa kiliniuma nikawa mkali kwa wateja. Mchumba wangu, mwalimu wa shule ya msingi pale mjini, alipita dukani na kunikumbusha jambo ambalo njaa ilikuwa imelifuta: Jumamosi tulikuwa tunaenda kwao Matulo, nikaonyeshwe kwa wazazi wake mara ya kwanza.

"Utakula, si ndiyo?" aliuliza.

"Nimefunga mpaka Jumanne."

"Si ule tu siku moja. Mungu wa Mama yako hata hakujui."

"Nimeshamwambia Mama nitamaliza."

"Na mimi umeniambia nini?"

Akaniacha na maagizo ya kwao. Mama mkwe humshiki mkono. Huli mbele yake. Ukikutana naye njiani, unampisha. Na jikoni kwake, alisema akinyoosha kidole, hukanyagi.

Jumamosi, siku ya sita, tulifika Matulo saa sita mchana. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, mpole, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo inasimama. Tuliketi sebuleni penye vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti. Mama mkwe alinisalimu akiwa mlangoni, uso kando, akarudi zake jikoni. Kisha chakula kikaja: ugali wa wimbi, kuku wa kienyeji katika mchuzi mzito, na mboga ya kunde iliyolazwa katika maziwa.

"Kula, kijana," baba mkwe alisema. "Hapa hakuna mtu analala njaa."

Nilimeza mate. "Baba, nisamehe. Nimefunga."

Mchumba wangu akatazama sakafu. Baba mkwe akaweka chini bakuli la kunawia, kisha uso wake ukafunguka kama mlango.

"Kwaresima," alisema. "Kijana wa mjini, na bado anafunga Kwaresima."

Hapo ndipo ningesema kweli. Nilikuwa na nafasi na pumzi ya kutosha. Badala yake niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao hata mimi ulinishangaza. Baba mkwe alifurahi mno, akaniomba mimi, kwa kuwa roho yangu ilikuwa karibu zaidi na Mungu siku hiyo, nibariki chakula. Nilibariki. Niliomba juu ya yule kuku kwa machozi, na kila mtu akadhani ni Roho Mtakatifu. Kisha wakala, nami nikanywa maziwa.

Baada ya kula baba mkwe alitaka kunionyesha ng'ombe aliyezaa. Nilimwambia atangulie, ninaenda msalani. Njia ya msalani ilipita nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba palikuwa na jiko, na mlango wa jiko ulikuwa wazi. Hapakuwa na mtu. Sufuria ilikuwa imefunikwa kwa sinia. Nilijiambia nitachungulia tu. Niliingia, nikafunua, na kabla sijamaliza kujidanganya nilikuwa na bonge la ugali mkono mmoja na paja la kuku mkono wa pili.

Nilikuwa nimejaza mdomo mama mkwe alipoingia na ndoo ya maji.

Tulisimama. Nilijaribu kusema shikamoo, ikatoka kama mtu anayezama. Yeye alijitanda leso usoni, akageuka akaukabili ukuta. Nilisubiri kelele. Akamwambia kuku mtetea aliyekuwa amelalia mayai pembeni, kwa sauti ya chini kabisa, "Mwambie mgeni mchuzi uko kwa ile sufuria ndogo."

Akatoka na ndoo yake ikiwa bado imejaa.

Ninaona aibu kusema kwamba niliutafuta mchuzi.

Jioni tulirudi Kitale na mchumba wangu. Nilipoanza kukiri alinikatiza. "Mama yangu ameshaniambia. Baba hajui, na hatajua. Lakini umemwona mama mkwe jikoni kwake na mdomo umejaa. Hiyo haiachwi hivyo, bana. Lazima umletee kitu cha kumfutia aibu. Nguo nzuri."

Kwa hiyo Jumatatu ilinibidi nimwombe Mama kitambaa, na kumwomba ilibidi nieleze. Nilieleza yote, ugali, paja, mtetea. Mama alicheka hadi akaketi juu ya marobota. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka.

"Kwa hivyo ulivunja Jumamosi," alisema akijifuta macho.

"Jumamosi, Mama."

"Si Jumatano?"

Kuna jambo ambalo nimelificha hata hapa. Jumatano, saa nne asubuhi, nilisimama nyuma ya kibanda cha mama mandazi na kula mawili upesi upesi. Mama aliniona kutoka dirishani, na hakuwa amesema neno.

"Bado siku mbili," aliniambia. "Zifunge hizo."

"Na zile nilizoharibu?"

"Hizo zimeshaenda na mwezi."

Nilizifunga. Jumanne adhuhuri alirudi kutoka hekaluni na sinia la peremende za samli na nazi, akatugawia wote, mimi kiasi kilekile cha wenzangu. Lakini kabla ya adhuhuri hiyo, mikono ikitetemeka kwa njaa, nilikuwa nimekata kitambaa cha mama mkwe: cha kijani kilichoiva, chenye maua madogo ya manjano, kizuri kuliko vyote dukani. Mchumba wangu alikipeleka Matulo wiki iliyofuata. Akarudi na salamu kwamba mama yake amekipenda, amenisamehe, na fundi wa Matulo anauliza ni nani huyo aliyekikata, kwa sababu hakimtoshi hata mtoto wa darasa la tatu.

Nilikuwa nimekata vitambaa kwa miaka minne bila kukosea hata kipimo kimoja. Ilinibidi nirudi mwenyewe Matulo na kipande cha pili. Baba mkwe alinikaribisha sebuleni, akaniuliza Kwaresima inaendeleaje, nami nikamwambia daktari amenikataza kufunga.