Mama wa Peresi na Zera

Jotham aliporudi Kimilili kutoka Kitale, alikokuwa akiswaga ng'ombe wa plau kwenye shamba la mzungu, alikuta pacha wake wameshazaliwa na mlango wa nyumba umeshafunguliwa. Siku hizo, mama wa pacha alifungiwa ndani na watoto wake mpaka aje mtu aliyewahi kuzaa pacha, awafungulie kwa ngoma na nyimbo za utani mchafu. Mtu wa namna hiyo karibu nao alikuwa mmoja tu: Mzee Wabuke, babake Jotham mwenyewe. Mzee alisimama nje, akausukuma mlango kwa fimbo, akageuka akaenda zake. Nakhungu, mke wa Jotham, alijifunika uso kwa nguo, kama adabu ilivyotaka. Tangu aolewe hakuwahi kumpa mkono mkwewe wala kula mbele yake.

Hayo yalikuwa mwaka wa 1932. Jotham alirudi na kitu ambacho wengi hawakuwa nacho: Agano Jipya, na macho ya kulisoma. Aliketi mlangoni akasoma ukurasa wa kwanza wa Matayo, fulani akamzaa fulani, mpaka koo likamkauka. Nakhungu, ambaye hakujua hata herufi moja, alipenda kusikiliza. Ilikuwa kama wazee wakihesabu ukoo matangani.

"Sikia hapa, mama watoto," Jotham akasema. "Peresi na Zera, wana wa Yuda. Mwalimu wetu kule Kitale alituambia hawa walikuwa pacha. Pacha katika ukoo wa Yesu! Nawapa wetu majina hayo. Yanakupendeza?"

"Yanapendeza."

Hapo ndipo Nakhungu angeuliza mama wa wana hao wa Yuda alikuwa mtu gani. Alikuwa na mtoto kila titi, amechoka, na mume wake amerudi akicheka. Hakuuliza. Jotham naye hakuwa na kitabu cha Mwanzo cha kumweleza.

Wavulana walikua. Mzee Wabuke akafa. Jotham akawa mzee wa kanisa, akawafundisha wengine kusoma. Mwaka wa 1946, mwaka ambao pacha walitakiwa kutahiriwa, Biblia nzima ikafika kijijini, na watu wakaanza kuisoma toka mwanzo.

Rispah, mke wa binamu yake Jotham, alisomewa na binti yake. Asubuhi moja akamkuta Nakhungu mtoni na wanawake wengine.

"Hujambo, Tamari!"

"Tamari ni nani?"

"Ati hujui? Si ni mama ya Peresi na Zera! Yule alijifunika uso akamvizia Yuda, baba mkwe wake, barabarani, akapata pacha." Rispah akaweka mtungi chini ili acheke vizuri. "Na wewe, dada, mlango wako ulifunguliwa na nani? Na uso si ulifunika?"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaukalia mchanga. Nakhungu aliondoka na mtungi nusu.

Alimwambia Jotham siku hiyo hiyo. Jotham akafungua Biblia ya kanisa, akaisoma sura ile kimya, kidole kikifuata mistari, na uso wake ukabadilika. Akaifunga. Wiki ya tohara, wavulana walipotoka mtoni wamepakwa matope, kijana mmoja akaimba kwamba pacha wale wana baba kaburini na kaka nyumbani. Kila mtu alielewa. Peresi na Zera walisimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, lakini Nakhungu aliona Zera akimtafuta baba yake kwa macho.

Wazee wa kanisa wakamwita Jotham. Nakhungu alikaa chini karibu na mlango.

"Ndugu, kwa nini uliwapa majina haya? Wewe mwenyewe ulikuwa Kitale. Ulijua jambo gani?"

Lilihitajika neno jepesi tu: sikujua, sikuwa nimesoma, nilipenda sauti yake. Lakini pale ndani walikaa wanafunzi wake, watu aliowagombeza kwa kusoma bila kuelewa. Jotham akatazama viatu vyake.

"Mungu ndiye anajua," akasema.

Maneno hayo ndiyo yaliyomtoa Nakhungu kanisani, na baadaye nyumbani. Kaka zake walimpokea kwa shingo upande. Akaenda Kitale, akapata kazi ya kupukuchua mahindi kwenye shamba la mzungu. Wanawe walibaki kwa baba yao.

Walikuwa wanaume kamili Zera alipomtafuta. Alimkuta kwenye kibanda cha mahindi, nywele zimejaa vumbi la magunzi.

"Mayi, tumemzika baba."

Nakhungu hakuacha kupukuchua. "Ukoo ulisomwa?"

"Ulisomwa. Wabuke akamzaa Jotham. Jotham akawazaa Peresi na Zera."

"Kwa nani?"

Zera akatazama magunia ya mahindi.

"Yule Tamari, na yote aliyofanya, ameandikwa pale kwa Matayo?"

"Ameandikwa, mayi."

"Mimi sikufanya kitu." Akatupa gunzi. "Anza tena."

Zera akaanza tena. Alipofika pale, akasema: "Jotham akawazaa Peresi na Zera kwa Nakhungu."

Mama yake akaitikia kwa kichwa, akaokota hindi lingine. Jina lake limesemwa, lakini limesemewa Kitale, kibandani, mbele ya magunia. Huko Kimilili, wale waliopaswa kulisikia walikuwa wameshatawanyika kutoka kaburini.