Pikipiki Iliyokataa Kushoto

Telesphor wa Usevya alikuwa na dharau moja tu maishani, nayo aliwawekea mafundi wanaofungua injini kabla ya kuuliza. Yeye aliuliza kwanza. Ukisukuma pikipiki yako hadi kwenye banda lake pale Mpanda mjini, alikukalisha kwenye kigoda akakuhoji: ilizima ghafla au ilikohoa kwanza? Ulikuwa unapanda mlima au unashuka? Nani mwingine aliishika? Mkewe, Romana, alikiita kigoda kile kiti cha maungamo, na kweli wapo wateja waliotubu pale mambo ambayo hata paroko hakuwahi kuyasikia. Mmoja alianza na kabureta, akamalizia na nyumba ndogo.

"Ugonjwa unaokaa ni wa chuma," alipenda kusema. "Ugonjwa unaokuja na kuondoka ni wa waya." Kanuni hiyo ilikuwa imemlisha tangu alipoacha jembe la mpunga akajifunza kazi kwenye gereji ya misheni, hadi mwaka ule wa 1996 alipotokea Nkwabi.

Nkwabi alikuwa mfugaji wa Litapunga, mtu mrefu, mwenye kofia ya pama na sauti ya kuitia ng'ombe. Banda lilikuwa mkono wake wa kushoto. Badala ya kukata na kuingia kama binadamu wengine, alilipita, akakata kulia kwenye uwanja wa jirani, akakanyaga mahindi yaliyoanikwa mkekani, akazunguka nyuma ya choo, akavuka barabara, ndipo akasimama mbele ya fundi. Injini ilikuwa inaunguruma vizuri kabisa.

"Mbona umekuja kwa njia ya chooni, mzee?" Telesphor akauliza.

"Fundi, hii haikati kushoto. Kulia inakwenda. Kushoto inazima."

Kumbe miezi minne yote Nkwabi alikuwa akiishi kwa upande wa kulia peke yake. Akitaka kwenda kushoto, anapita mbele, anazunguka kulia mpaka anaelekea anakotaka. Safari ya sokoni ilimchukua nusu siku. Katika mtaa mmoja watu walimwona akizunguka nyumba ya mjane mara nne, wakaanza kuulizana mahari imefika ngapi. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alisafisha kabureta. Wa tatu alisema injini imechoka, iachwe kwake ipumzike. Mganga naye alifunga kitambaa chekundu kwenye mshikio wa kushoto, na pikipiki ikaendelea kuzima, ila sasa imependeza.

Telesphor akamkalisha kigodani. "Watu wa huko kwenu wanasemaje?"

Nkwabi akavua kofia. Wa Litapunga walisema ni ng'ombe. Ili kuinunua pikipiki alikuwa ameuza ng'ombe tisa, na wa tisa hakuwa wake. Alikuwa wa mkewe, Kabula, ng'ombe mweupe wa maziwa aliyepewa na baba yake alipojifungua mtoto wa kwanza, Malale. Nkwabi alimuuza siku Kabula alipopeleka mtoto kliniki. Jioni Kabula alirudi, akakuta zizini imesimama pikipiki. Aliitazama, akafunga kanga zake, akamchukua mtoto, akaenda kwa baba yake Kasokola.

"Upande wa kushoto kwetu ni wa mama," Nkwabi akaeleza kwa unyonge. "Wanasema yule ng'ombe yumo humo ndani, amekasirika."

Wengine huko kijijini waliuliza, kama ni ng'ombe wa Kabula, si angetaka sana kukata kushoto? Maana njia ya kwenda Kasokola inakata kushoto. Swali hilo liliwagawa wazee pande mbili, na watu wawili hawakusalimiana kwa sababu yake.

"Kila Jumamosi naenda kumfuata mke wangu," Nkwabi akasema. "Nafika njia panda ya Kasokola, nakata, inazima. Narudi. Nitampoteza, fundi."

Telesphor aliisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, akaiwasha, akageuza usukani kulia. Ikaunguruma. Akageuza kushoto. Kimya. Akarudia mara sita, watu wakikusanyika na kuhesabu kwa sauti. Plagi ilikuwa kavu na ya kahawia, petroli ilishuka vizuri. Basi akafungua taa ya mbele, akavuta fungu la nyaya lililopita shingoni mwa chesisi, na hapo akauona: waya wa swichi, ule wa kuzimia, umelika ngozi hadi shaba ikachungulia. Usukani ukienda kushoto, shaba inagusa chuma, moto wa plagi unakimbilia kwenye bodi, injini inadhani umezima ufunguo.

"Shoti," akatangaza. Watu wakavunjika moyo. Walikuwa wamekuja kuona ng'ombe.

Akaufunga waya kwa utepe mweusi na kipande cha tyubu, akausogeza mbali na shingo, akageuza kushoto. Injini haikutikisika. Akamtazama mwenye mali akitegemea kuona meno. Nkwabi alikuwa amekaa vilevile, kofia mapajani, kama mtu aliyesomewa hukumu.

Ndipo Telesphor alipokumbuka jambo. Njia panda ile aliijua. Upande wa kulia pana uwanja mpana ambapo malori ya magogo hugeuzia. Mtu aliyezunguka choo cha watu ili aingie bandani angeshindwaje kuzunguka pale?

"Mzee," akasema taratibu, "pale njia panda si pana uwanja wa malori?"

Nkwabi akaizungusha kofia mapajani. "Upo."

Kisha akainama, akanong'ona: "Fundi, ule waya. Unaweza kuurudisha ulivyokuwa?"

Telesphor alitaka kucheka, akajizuia. Alimhurumia kwa moyo wote. Akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akapanda nyuma ya pikipiki. "Twende tukaijaribu," akasema. "Mimi kazi yangu naijaribia barabarani."

Njia panda Nkwabi alisimama.

"Nina aibu, fundi."

"Hiyo sina utepe wake. Kata."

Akakata kushoto.

Kule Kasokola, Kabula alikuwa anapeta mpunga uani. Aliweka ungo chini, akaizunguka pikipiki polepole, akainama kuitazama tumboni. Baba yake alitoka ndani na kigoda, akakaa kusikiliza.

"Huyu ndiye ng'ombe wangu?" Kabula akauliza.

"Ndiye, mama Malale."

"Wangu alikuwa anatoa lita tatu asubuhi. Huyu anatoa ngapi?"

Nkwabi akamtazama Telesphor, na Telesphor akatazama kuku.

"Huyu hatoi," Nkwabi akasema. "Huyu anakunywa tu."

Mzee akakohoa ili asicheke. Kabula hakucheka. Alisubiri.

"Nilikosa," Nkwabi akasema, na sauti ile ya kuitia ng'ombe ikatoka nyembamba. "Nilimuuza bila kukuuliza. Nimekosa kwako na kwa baba hapa. Miezi minne nimeogopa kuja kusema."

Kabula akanyoosha mkono. "Lete ufunguo. Itakaa hapa. Siku utakayokuja na ng'ombe wa maziwa utaikuta, na mimi utanikuta nimefunga mizigo."

Nkwabi akautoa ufunguo, akampa kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo mbele ya mkwe wake. Waliondoka kwa miguu, fundi na mteja, jua la alasiri likiwachoma visogo, na Telesphor alijilaumu njia nzima kwa kuvaa kandambili. Mwenzake alipiga mluzi mpaka mjini.

Wiki tatu baadaye Telesphor alikuwa amelala chini ya pikipiki ya bwana shamba aliposikia kengele ya ng'ombe. Nkwabi alikuwa anapita barabarani kwa miguu, vumbi hadi magotini, akimswaga ng'ombe mwekundu na ndama wake. Telesphor akamwita aje apumzike kigodani.

"Sina la kuungama leo, fundi," Nkwabi akajibu bila kusimama. "Nawahi kabla mama Malale hajabadili mawazo."